Ncha za majani zilizoungua: kisa cha masale ya ndani na maji ya kisima, Arusha

## Mazingira

Kisa hiki kinahusu nyumba ya kulala wageni iliyoko kwenye miinuko ya pembezoni mwa jiji la Arusha. Jina, mtaa na chochote kinachoweza kuitambulisha vimeondolewa. Nyumba ilikuwa na vyungu 31 vya mimea ya ndani: masale 9 ya aina yenye mstari wa njano katikati ya jani (Dracaena fragrans), draisina 3 za majani magumu yenye michirizi myeupe, klorofaitamu 5, pislili 3, kalathea 1, zamiokulkasi 6 na pothosi 4. Masale mawili kati ya yale tisa yaliwekwa barazani, ukingoni mwa paa. Vyungu vingine vyote vilikuwa mapokezi, koridoni na kwenye chumba cha kulia.

Masale na draisina zilikuwa kwenye vyungu vya plastiki vya lita 8 hadi 10, na mimea midogo kwenye vyungu vya lita 3. Kila chungu kilikaa juu ya sahani yake. Udongo ulikuwa wa shamba, uliochanganywa na samadi ya ng'ombe na pumba za mpunga. Mwanga ulitosha: madirisha mapana yanayotazama mashariki, yenye pazia jepesi.

Maji yalitoka sehemu mbili. Kulikuwa na tangi la lita 1,000 lililopokea maji ya mvua kutoka kwenye gata, na kulikuwa na kisima kirefu kilicholisha mabomba yote ya nyumba. Mimea ilinunuliwa mwishoni mwa masika ikiwa na afya, na wiki za mwanzo ilimwagiliwa kutoka tangini kwa sababu tangi lilikuwa karibu na mlango.

## Yaliyotokea

Mwezi wa saba tangi lilikauka. Halikukaushwa na mimea: maji yake yalikuwa yakitumika pia kudeki sakafu na kufua mapazia. Kuanzia hapo vyungu vyote vya ndani vilimwagiliwa maji ya kisima.

Ilipofika Septemba ncha za klorofaitamu zilikuwa zimegeuka kahawia. Masale yakafuata: ncha ilikauka kwa urefu wa sentimeta moja hivi, ikiwa na ukanda mwembamba wa njano kati ya sehemu iliyokufa na sehemu ya kijani. Draisina za michirizi ziliungua hata kwenye kingo za jani, zikiwa na madoa yaliyozama kidogo ndani ya michirizi myeupe.

Maelezo ya kwanza yalikuwa hewa kavu. Ndiyo maelezo yanayotangulia karibu kila mwongozo wa mimea ya ndani, maana miongozo mingi imeandikwa kwa ajili ya nyumba za Ulaya na Marekani ambako vifaa vya kupasha joto hukausha hewa majira ya baridi. Majani yakaanza kupuliziwa maji asubuhi na jioni, maji yaleyale ya kisima. Baada ya wiki mbili yalikuwa na vumbi jeupe lisilofutika kwa kitambaa kikavu, na ncha ziliendelea kuungua.

Maelezo ya pili yakawa kiu. Umwagiliaji ukaongezwa kutoka mara moja kwa wiki hadi kila baada ya siku moja, na sahani zikaachwa zimejaa. Hili lilileta ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza. Majani ya chini ya masale yakawa ya njano yote, nzi wadogo weusi wakaanza kuruka juu ya udongo, na masale mawili yakalegea shinani. Yalipong'olewa, mizizi ilikuwa ya kahawia, laini, inayochunika ganda ukiivuta kwa vidole.

Maelezo ya tatu yalikuwa njaa. Muuza pembejeo alishauri TSP, mbolea ya fosfeti, "kuimarisha mizizi", na kijiko kimoja cha chakula kikamwagwa juu ya udongo wa kila chungu cha sale na draisina cha ndani. Ndani ya mwezi mmoja sehemu iliyoungua ilifika sentimeta 5, na kwenye majani ya zamani ilifika 8. Mtu mmoja alikata ncha kwa mkasi ili wageni wasizione. Kingo mpya nazo zikawa kahawia.

Aliyeleta swali la maana ni mtunza bustani, aliyekulia Kilimanjaro. Kwao masale hupandwa kwenye mipaka ya vihamba (mashamba yanayozunguka nyumba za Wachaga), na jani lake ndilo mtu hubeba anapokwenda kuomba msamaha. Aliuliza kwa nini mmea unaostawi mpakani bila kupuliziwa wala kupewa mbolea uugue ndani ya nyumba inayouhudumia kila siku. Akaonyesha pia kwamba yale masale mawili ya barazani hayakuwa na ncha hata moja iliyoungua. Yalimwagiliwa mara chache, lakini matone kutoka ukingoni mwa paa yaliyafikia kila manyunyu yalipopita.

## Jinsi chanzo kilivyotafutwa

Kazi ilianza kwa karatasi na kalamu. Vyungu vyote 31 viliorodheshwa: aina ya mmea, mahali kilipo, maji kinayopewa, hali ya majani mapya, hali ya majani ya zamani. Orodha hiyo ilifanya kazi kubwa kuliko kipimo chochote kilichofuata.

Jambo la kwanza lililojitokeza ni aina. Vyungu 19 vilivyougua vilikuwa vya masale ya ndani, draisina, klorofaitamu, pislili na kalathea. Zamiokulkasi na pothosi zilizokaa hatua moja kutoka hapo, kwenye hewa ileile na mwanga uleule, zilikuwa safi. Ukavu wa hewa peke yake haukueleza vizuri tofauti hiyo, ingawa pothosi na zamiokulkasi huuvumilia kuliko kalathea. Lakini masale, draisina za michirizi na klorofaitamu ni mimea inayojulikana kwa kutovumilia floraidi, madini yanayoyeyuka ndani ya maji.

La pili ni umri wa jani. Majani ya chini, yaliyokunywa maji kwa miezi mingi, yaliungua zaidi. Yale ya juu yaliungua kidogo. Ukosefu wa potasiamu pia huanza na majani ya zamani, lakini kwa kawaida hutanguliwa na unjano mpana wa kingo, na mchanganyiko huu wenye samadi haukuwa na upungufu wa potasiamu.

La tatu ni mizizi. Vyungu vinne vilipinduliwa pamoja na yale masale mawili yaliyolegea. Mizizi ya mimea minne kati ya hiyo sita ilikuwa myeupe na migumu, ilhali ncha za majani yake zilikuwa zimekufa. Kwa hiyo kuoza hakukuwa chanzo cha kuungua. Yalikuwa matatizo mawili tofauti ndani ya nyumba moja, na lile la pili lilitokana na jitihada za kutibu la kwanza.

Ndipo maji yakapelekwa maabara. Bomba lilifunguliwa kwa dakika tano, chupa mpya ya plastiki ya lita moja ikasuuzwa mara tatu kwa maji hayohayo, ikajazwa hadi juu na kufunikwa. Sampuli ya floraidi haiwekwi kwenye chupa ya kioo, kwa sababu floraidi hushikana na kioo na kupotosha kipimo. Majibu yalikuwa haya: floraidi miligramu 5.2 kwa lita, pH (kipimo cha uchachu) 8.4, sodiamu nyingi, kalsiamu miligramu 8 tu kwa lita. Kiwango cha juu cha floraidi ambacho Shirika la Afya Duniani hushauri kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita, na masale huweza kuungua kwa maji yenye takriban miligramu 1.

Kwa Arusha na Meru majibu hayo si ajabu. Miamba ya volkeno ya ukanda huu ina floraidi nyingi, na maji ya chini ya ardhi huiyeyusha. Uhaba wa kalsiamu nao una maana yake: kalsiamu ikiwapo ya kutosha hushikana na floraidi na kuituamisha, lakini maji haya ya sodiamu hayana cha kuizuia. Udongo wa vyungu ulipopimwa ulikuwa na pH 7.9.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuacha: kuacha kupulizia, kuacha mbolea, kumwaga maji ya sahani dakika 20 baada ya kumwagilia.

Uamuzi mkubwa ulihusu maji. Njia kadhaa zilijadiliwa na kukataliwa. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji hupungua kwa mvuke, floraidi hubaki, na yaliyobaki huwa makali zaidi. Kuyaacha ndooni usiku kucha huondoa klorini, hakuigusi floraidi. Chujio la kawaida la mkaa au la udongo halisaidii. Mkaa wa mifupa husaidia, na ndio uliofanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, lakini kuutumia kwa vyungu kungekuwa kupoteza kifaa kinachohitajika jikoni. Kuchanganya nako hakukutosha: sehemu moja ya kisima kwa sehemu nne za mvua bado hutoa zaidi ya miligramu 1 kwa lita.

Yakabaki maji ya mvua peke yake, na swali likawa kama yangetosha kiangazi kizima. Hesabu ilionyesha kwamba yanatosha vizuri. Masale na draisina 12 zinahitaji wastani wa lita 0.7 kwa wiki kila moja, na mimea midogo 9 lita 0.6 hivi. Jumla haizidi lita 15 kwa wiki, yaani kama lita 330 kuanzia mwanzo wa Juni hadi mwisho wa Oktoba. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Upande mmoja wa paa wenye mita za mraba 40 hutoa lita 400 kwa mvua ya milimita 10, na ukitoa sehemu ya tano inayopotea zinabaki 320. Mvua tatu nne za namna hiyo hujaza tangi, na tangi moja linavusha kiangazi na ziada. Bomba lake likafungwa kufuli, likaandikwa "MIMEA TU". Mvua ya kwanza ya msimu iliachwa ipite nje kwa dakika 15 ili ioshe vumbi la bati, na mdomo wa tangi ukafunikwa wavu wa mbu.

Kisha yakaja matibabu ya vyungu. Kazi hii ilisubiri vuli, maana kuosha udongo kwa maji ya kisima kungekuwa kuongeza kilekile kinachoondolewa.

Vyungu 9 vya mimea midogo vilioshwa. Kila chungu kiliwekwa juu ya matofali mawili kivulini, kikamwagiwa polepole maji ya mvua mara tatu ya ujazo wake, yaani lita 9 kwa chungu cha lita 3, kwa awamu tatu zenye mapumziko ya dakika 20, kisha kikaachwa kichuruze kwa saa moja. Mapumziko ni muhimu: ukimwaga yote kwa mkupuo, maji hupita pembeni mwa chungu na kuacha katikati jinsi ilivyokuwa.

Masale matano na draisina tatu zilizopewa TSP zilihamishiwa udongo mpya. Kuosha kusingeaminika kumaliza TSP yote, na mbolea hii hutengenezwa kwa mwamba wa fosfeti ambao wenyewe una floraidi. Sentimeta 3 za juu zilikwanguliwa na kutupwa mbali na bustani, udongo ukatikiswa mizizini, mizizi ikasuuzwa. Mchanganyiko mpya ulikuwa sehemu mbili za mboji ya majani iliyochekechwa, sehemu mbili za makumbi ya nazi yaliyosagwa na kulowekwa kwa maji ya mvua mara mbili ili kutoa chumvi, na sehemu moja ya vipande vya makumbi vyenye ukubwa wa punje ya hindi kwa ajili ya kupitisha hewa. Mawe mepesi ya volkeno, ambayo hapo Arusha hupatikana kwa urahisi na huchuja maji vizuri, yaliachwa makusudi. Yanatoka kwenye miamba ileile inayotia floraidi kisimani, na mzigo huo ulikuwa haujapimwa.

Palikuwa na mabishano kuhusu chokaa. Ushauri wa kawaida kwa draisina ni kupandisha pH hadi kati ya 6.0 na 6.5 kwa chokaa, kwa kuwa udongo mchachu huachia floraidi nyingi. Ushauri huo ni sahihi kwa udongo mchachu. Vyungu vilivyooshwa vilikuwa tayari na pH 7.9, na chokaa ingeifikisha mahali ambapo mmea hushindwa kufyonza chuma. Badala yake ilitumika jasi, gramu 1 kwa kila lita ya udongo, kwa kuwa huleta kalsiamu bila kupandisha pH na husaidia kuisukuma sodiamu itoke. Ilinunuliwa jasi ya kilimo. Unga wa jasi wa kupigia dari usitumike kabisa: huganda ndani ya chungu na una viungo vingine.

Masale mawili yaliyooza yalikatwa juu ya sehemu iliyolegea, hadi shina lilipoonekana jeupe na gumu. Vilipatikana vipande vinne vya sentimeta 15 hadi 20, vikaachwa kivulini siku mbili ili kidonda kikauke, kisha vikapandwa kwenye makumbi yenye unyevu wa maji ya mvua. Vipandikizi visivyo na mizizi huumizwa na floraidi haraka kuliko mmea mzima. Tone la kisima halikuruhusiwa.

Mwisho, mahali pagumu kufikiwa na ndoo, yaani mwisho wa korido ya juu, palipewa zamiokulkasi. Asili yake ni huku kwetu, kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini, na mashina yake ya chini ya ardhi, yanayofanana na viazi, huweka maji. Humwagiliwa kila baada ya wiki tatu, kwa hiyo hata akipewa maji ya kisima anameza kidogo.

## Matokeo

Majani yaliyoungua hayakupona. Hili lilielezwa kwa uongozi mapema, na ilikuwa vema, kwa sababu mwezi wa kwanza hakuna kilichobadilika machoni. Kipimo kilikuwa jani jipya. Klorofaitamu zilijionyesha mapema: baada ya miezi miwili vitovu vyote vitano vilikuwa na majani safi. Masale yalichukua miezi minne. Pislili zilipona lakini hazikuchanua hadi masika. Draisina za michirizi zilikuwa za mwisho, na moja bado ilitoa majani yenye kingo za kahawia kabla ya kutulia. Kalathea ilikufa. Vipandikizi vitatu kati ya vinne vilishika.

Agosti ya mwaka uliofuata mfanyakazi mpya, bila kuambiwa, alimwagilia korido ya chini maji ya bomba kwa wiki tatu. Majani mapya ya klorofaitamu mbili zilizokuwa hapo yakapata ncha za kahawia za milimita kadhaa. Zile za mapokezi, zilizoendelea na maji ya tangi, hazikupata kitu.

## Uchambuzi

Makosa matatu ya mwanzo yalifanana kwa undani. Floraidi huingia na maji mizizini, hupandishwa hadi ncha na kingo za jani, maji yakatoka kama mvuke na yenyewe ikabaki, kama chumvi inavyobaki sufuriani. Kupulizia kuliongeza floraidi juu ya jani, kumwagilia zaidi kuliiongeza chunguni, na TSP iliiongeza kwa njia nyingine. Kila tiba ilikuwa kipimo kingine cha sumu ileile, ndiyo maana hali ilizidi kila walipojitahidi.

Kilichofanya kazi ni kulinganisha vyungu kabla ya kugusa chochote. Ni kazi ya saa moja, haina gharama, na ingeweza kufanywa Septemba. Swali la kuanzia linapaswa kuwa: ni mmea gani umeketi hapohapo na haujaugua? Jibu la hapo lilikuwa pothosi, na liliishusha hewa kwenye orodha ya washukiwa.

Udhaifu wa tiba ni kwamba mambo mengi yalibadilishwa kwa pamoja. Maji, udongo na jasi vilianza wiki ileile, kwa hiyo kisa hiki hakithibitishi mchango wa jasi. Mchango wa maji unathibitishwa na tukio la Agosti, ambalo halikupangwa. Ingekuwa bora kuacha vyungu viwili bila jasi. Kalathea nayo ilipaswa kuhamishwa udongo badala ya kuoshwa tu: mizizi yake myembamba ilikuwa imeshakaa majini wiki kadhaa, na lita 9 za ziada ndizo zilizoimaliza.

Lipo jambo zito kuliko mimea. Wageni walikunywa maji ya chupa, lakini chai, makande na uji wa wafanyakazi vilipikwa kwa maji ya kisima kilekile, na watoto wa mlinzi waliokaa uani waliyanywa. Madoa ya kahawia kwenye meno yanajulikana sana Arusha, na hujengeka utotoni, meno ya ukubwani yanapokuwa bado yanaumbika ndani ya fizi. Baadaye madhara hufika mifupani. Magadi yanayotiwa kwenye maharage yanaweza kuongeza floraidi nyingine juu ya hiyo. Majibu ya maabara yalipelekwa jikoni siku ileile yalipofika. Maji ya kupikia na ya kunywa ya wafanyakazi yakahamishiwa chanzo kingine kilichopimwa na kukutwa chini ya miligramu 1.5, na familia ya mlinzi ikapewa madumu mawili ya lita 20 kila siku kutoka hapo.